Wazee wanaanguka makaoni: wahudumu wafundishwe nini, na waanzie wapi?

Swali: Nasimamia makao ya wazee yenye wakazi 40. Mwezi uliopita tuliandika matukio 12 ya kuanguka, na bibi mmoja alivunjika nyonga. Mwenye makao ameniambia nitafute mkufunzi wa siku moja awafundishe wahudumu jinsi ya kuzuia wazee wasianguke. Wahudumu wenyewe wameingiwa na hofu, na wengine wameanza kuwakataza wazee kuinuka vitini. Kuna familia pia inayotaka mama yao afungwe mkanda kwenye kiti. Nifundishe nini hasa? Na siku moja itatosha?

Jibu:

Ndugu msimamizi, pole kwa yaliyompata bibi huyo, na pole kwa wahudumu wako. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita, kwamba wazee wameanza kukatazwa kuinuka. Katika yote uliyoniandikia, hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Mzee anayekalishwa kutwa hupoteza nguvu za mapaja upesi sana. Wiki chache tu za kukaa zinatosha kumfanya aliyekuwa akiinuka mwenyewe ashindwe kuinuka bila kushikwa. Lakini haja ya kwenda chooni haiondoki, wala hamu ya kutazama nje au kumsogelea mwenzake. Siku mhudumu akigeuka, atainuka tu, na safari hii atainuka na miguu dhaifu kuliko ile ya mwezi uliopita. Mikanda na vyuma vya pembeni mwa kitanda havijaonyesha kupunguza maanguko, na mara nyingine huongeza ukubwa wa jeraha: mzee anayepanda juu ya chuma ili ashuke huanguka kutoka juu zaidi kuliko yule anayeteleza kutoka kwenye godoro. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa kuzuia maanguko, uliotolewa mwaka 2022 na wataalamu wa nchi nyingi, hauungi mkono kuwafunga wakazi wa makao.

Sasa tuzitazame namba zako, maana nadhani zinakuogopesha kupita kiasi. Wakazi 40 kwa siku 30 ni jumla ya siku 1,200. Matukio 12 gawanya kwa 1,200, zidisha mara 1,000, unapata matukio 10 kwa kila siku 1,000 za wakazi. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti katika makao 84 yenye wakazi 1,657, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Makao yaliyoendelea na utaratibu wa kawaida yalikuwa na matukio 10.4 kwa kila siku 1,000. Yale ambayo wahudumu wake walifundishwa yalikuwa na matukio 6.0, kati ya mwezi wa nne na wa sita tangu kuanza. Kwa hiyo makao yako yamo pale pale yalipo makao mengi, na nafasi ya kupunguza ipo. Tena katika utafiti huo wakazi hawakupunguziwa mwendo wala hawakugeuka tegemezi zaidi. Walianguka mara chache huku wakiendelea kutembea.

Ningependa mafunzo yako yaanzie mahali ambapo wakufunzi wengi huishia: mzee akiwa tayari amelala sakafuni. Sababu yangu ni hii. Mhudumu asiyejua afanye nini mzee akianguka, kila mzee anayeinuka humtisha, na njia rahisi ya kuituliza hofu hiyo ni kusema "kaa chini, bibi". Mhudumu anayejua dakika kumi za kwanza zinakwendaje anaweza kusimama kando ya mzee na kumwacha atembee. Kinga itakuja, lakini hamfundishi mtu kinga wakati moyo unamdunda.

Basi somo la kwanza ni kutomwinua. Mtu akianguka, mkono wa kila aliye karibu hukimbilia kumnyanyua, kwa huruma na pengine kwa aibu, na hapo ndipo mfupa uliopata ufa hugeuka kuwa mfupa uliovunjika na kupishana. Mhudumu aite msaada, apige magoti, amwite mzee kwa jina analolizoea, amwambie yupo naye. Atazame kama anaitika, kama anapumua vizuri, kama kuna damu inayotoka kwa wingi. Aulize shingo na mgongo. Kisha atazame miguu kabla ya kuigusa: mguu ulioonekana kufupika huku unyayo umegeukia nje ni dalili ya nyonga iliyovunjika, na hapo hakuna kusogeza. Mfunike apate joto, ita gari la wagonjwa, na usimpe chakula mpaka wataalamu waseme, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji.

Wafundishe pia kwamba nyonga inaweza kuvunjika bila mguu kugeuka. Wapo wazee wanaosimama, hata kupiga hatua, wakiwa na mfupa uliovunjika ambao haujaachana. Maumivu mapya kwenye kinena, au kukataa kuukanyagia mguu ambao jana ulikuwa mzima, yanatosha kumpeleka hospitali. Kwa mkazi mwenye dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uelewa, ambaye pengine hawezi kusema panapouma, mhudumu asome uso, asikilize mguno, aone ni kiungo gani anakilinda. Wahudumu wanaomwogesha na kumvisha kila siku huliona hili kabla ya daktari, na mkufunzi awaambie hivyo waziwazi.

Kichwa nacho kina kanuni zake. Mzee aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe akapimwe hospitali hata kama anazungumza vizuri, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikachelewa. Kama hakuna aliyeona tukio na mzee hawezi kueleza, chukulieni kwamba kichwa kimegongwa. Anayebaki makaoni aangaliwe kwa ratiba. Inayotumika sana ni kila nusu saa kwa saa 2 za kwanza, kila saa kwa saa 4 zinazofuata, kisha kila baada ya saa 2. Nashauri muifuate mpaka zitimie saa 24. Kinachotafutwa ni usingizi usio wa kawaida yake, kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, mkanganyiko mpya, udhaifu wa upande mmoja, au degedege. Lolote kati ya hayo ni dharura, iwe mchana au usiku.

Na kila mara liulizwe swali hili: alionekana mara ya mwisho saa ngapi? Mtu aliyelala sakafuni zaidi ya saa moja ana matatizo yake mwenyewe hata kama hakuvunjika popote. Ngozi inayogandamizwa huanza kuharibika, mwili hupoa na kukauka maji, na misuli inayokufa humwaga ndani ya damu vitu vinavyoumiza figo. Mzee wa namna hiyo anahitaji kuonwa na daktari, si kufutwa vumbi na kurudishwa kitandani.

Akikaguliwa na kuonekana mzima, ndipo tunafundisha kuinuka. Nasema kuinuka, maana mzee mwenyewe ndiye afanye kazi kadiri awezavyo. Mhudumu aweke kiti imara upande wa kichwa. Mzee ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko mpaka akae kiubavu, apige magoti na kuweka viganja chini, akisogelee kiti na kukishika kwa mikono miwili, atangulize mguu wenye nguvu na kuukanyaga, kisha ajisukume juu huku mhudumu wa pili akimsogezea kiti kingine nyuma akalie. Kila hatua apumzike. Asiyeweza anainuliwa kwa mashine ya kunyanyulia. Kumvuta kwa kumpitishia mikono kwapani kupigwe marufuku kabisa, kwa sababu kunaumiza mabega ya mzee na mgongo wa mhudumu.

Haya hayafundishwi kwa maneno. Wahudumu walale chini wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wainuliwe na wenzao. Mtu mwenye afya njema akilala sakafuni dakika tano tu akisubiri msaada, akasikia jinsi baridi inavyopanda na watu wanavyozungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, namna yake ya kumwendea mzee aliyeanguka hubadilika. Nimeona zoezi hili likifanya kazi kuliko picha zozote za ukutani.

Hapo ndipo tunaingia kwenye kinga, na mlango wake ni tukio lile lile. Baada ya mzee kutulia, waliokuwa zamu wakutane pale pale alipoangukia, kwa dakika kumi. Swali kuu ni moja: alikuwa anataka kufanya nini? Halafu yafuate mengine: alikuwa amevaa nini miguuni, taa ilikuwaje, kifaa chake cha kutembelea kilikuwa wapi, alikula na kunywa saa ngapi, alipewa dawa gani siku hiyo, wiki hii amekuwa tofauti kwa lolote?

Naling'ang'ania swali la kwanza kwa sababu ripoti nyingi hujaa maneno kama "alipoteza mizani" au "aliteleza", maneno yasiyomsaidia mtu. Chukua mzee anayeanguka mara kwa mara kando ya kitanda saa kumi na moja alfajiri. Ukiandika kwamba alipoteza mizani, utamwekea chuma cha kitanda. Ukiuliza alikuwa anataka nini, utagundua alikuwa anawahi chooni, na ukifuatilia utakuta dawa yake ya kupunguza maji mwilini anapewa jioni. Daktari akiihamishia asubuhi, na mhudumu wa usiku akimpitia kabla ya saa hiyo kumuuliza kama anahitaji kwenda, huenda tatizo likaisha bila kumzuia mtu. Njia ya kwenda chooni ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza katika makao yoyote.

Hilo la kuteleza nalo halina uzito tunaoupa. Watafiti nchini Kanada waliweka kamera katika makao mawili ya wazee, wakachambua maanguko 227 ya watu 130. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Walioteleza walikuwa asilimia 3 tu. Kujikwaa kulikuwa asilimia 21. Sababu kubwa, asilimia 41, ilikuwa kuhamisha uzito wa mwili vibaya: mtu anageuka, anainama, anafikia kitu, anakaa, na uzito unatangulia kabla miguu haijajipanga. Wengi hawakuwa wakikimbia wala kupanda popote. Asilimia 13 walikuwa wamesimama tu, na asilimia 12 walikuwa wanakaa.

Kwa hiyo usiruhusu nusu ya mafunzo iishie kwenye sakafu yenye maji. Sakafu ikauke, ndiyo, nyaya ziondolewe, taa za usiku ziwepo, viatu vishike kisigino, miwani iwe safi na iwe ya kwake. Hayo yanasemwa mara moja na kukaguliwa kila juma. Muda mwingi utumike kuwafundisha wahudumu kuutazama mwendo. Mzee anayeinuka akae kwanza ukingoni, achezeshe vifundo vya miguu, asimame na kutulia kabla ya hatua ya kwanza. Anayegeuka azunguke kwa hatua ndogo ndogo, asijipinde kiuno huku nyayo zimebaki. Anayekaa arudi nyuma mpaka miguu iguse kiti, ndipo ashike mikono ya kiti na kushuka. Anachokipenda kiwekwe mahali mkono unapofika. Na mhudumu asimwite mzee kutoka nyuma akiwa anatembea, maana atageuka ghafla kuitikia, kwa adabu yake.

Jambo jingine linalohitaji muda ni dawa na presha. Mhudumu habadilishi dawa, lakini ndiye anayeona mzee amekuwa mzito tangu ilipoongezwa. Ajue makundi yanayostahili kutajwa kwa muuguzi au daktari: dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, za sonona, za magonjwa ya akili, za maumivu makali, za presha na za kupunguza maji mwilini. Muuguzi apime presha mzee akiwa amelala kwa dakika tano, kisha akiwa amesimama baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata sababu inayoweza kushughulikiwa. Na mzee aliyekuwa na akili timamu jana, leo amechanganyikiwa na ameanguka, atafutiwe ugonjwa: maambukizi, kukaukiwa maji, choo kilichofunga, dawa mpya. Kuanguka kwa ghafla mara nyingi ni dalili ya kwanza ya mwili unaoumwa.

Usimwache mpishi nje. Nchini Australia, makao 60 yenye wakazi zaidi ya 7,000 yalishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Nusu yao waliongeza maziwa, mtindi na jibini katika milo, hivyo wazee wakapata kalsiamu na protini zaidi. Mifupa iliyovunjika ilipungua kwa asilimia 33, nyonga zilizovunjika kwa asilimia 46, na maanguko yenyewe kwa asilimia 11. Ni chakula tu, wala si dawa. Sahani inayorudi jikoni imejaa ni habari ya kupelekwa kwa muuguzi, na anayeiona wa kwanza ni mpishi. Vilevile mfanya usafi ndiye anayejua ni mzee gani ameanza kushika kuta anapotembea.

Mwenye makao akikuletea fomu ya kumpa kila mkazi alama za hatari, usiipoteze siku juu yake. Mwongozo wa 2022 unawachukulia wakazi wote wa makao kuwa wako kwenye hatari kubwa, kwa hiyo kuwapanga kwa alama hakukuambii ufanye nini. Kinachohitajika ni kila mkazi kuchunguzwa mambo yote anapoingia, na tena kila anapoanguka, na kila tatizo lililoonekana liandikiwe hatua, jina la mwenye kuitekeleza, na tarehe.

Sasa, siku moja inatosha? Haitoshi, ingawa si kwa sababu masaa ni machache. Katika utafiti wa Uingereza nilioutaja, mafunzo yenyewe yalikuwa kama saa moja. Kilicholeta tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba wahudumu waliondoka na orodha ya kumkagulia kila mkazi na hatua za kuchukua, na alikuwepo mtaalamu wa kumrudia. Semina ya siku moja hukosa mambo mawili: wahudumu wa usiku, ambao ndio huwa peke yao mzee anapoanguka, na wiki zinazofuata. Mwambie mwenye makao fedha ile ile ilipe vipindi vya saa moja, vinavyorudiwa kwa kila zamu mpaka wote wapite, usiku ukiwa wa kwanza. Baada ya hapo, kila juma dakika kumi na tano wakati wa kukabidhiana zamu: zoezi moja la sakafuni, au tukio moja la juma hilo kujadiliwa. Mteue mtu mmoja kila zamu wa kulishika jambo hili, na mpunguzie kazi nyingine. Mhudumu mpya asishike zamu peke yake kabla hajapita zoezi la sakafuni.

Jiandae pia kwa jambo litakalomshtua mwenye makao: miezi ya mwanzo matukio yanayoandikwa yanaweza kuongezeka. Watu wakiacha kuogopa kulaumiwa huandika hata yale ya mzee aliyeteleza polepole kutoka kitini bila kuumia, ambayo zamani yalifichwa. Mweleze mapema. Hesabu majeraha kando na matukio, na hesabu zote kwa siku 1,000 za wakazi ili mwezi wenye vitanda vitupu usikudanganye. Na fomu ya tukio isiwe na sehemu ya "nani alikosea". Sehemu hiyo ikiwepo, utapata karatasi safi na wazee waliokalishwa.

Nimebakisha familia inayotaka mama yao afungwe. Usiwajibu kwa kanuni. Wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Waalike, wakae na mhudumu anayemjua mama yao, na kwanza muwaulize: huwa anatafuta nini anapoinuka? Alikuwa mtu wa kazi gani, aliamka saa ngapi maisha yake yote? Majibu yao huingia moja kwa moja kwenye mpango. Kisha waonyesheni mtakachofanya: kitanda kinachoshuka chini kabisa, ratiba ya chooni, mazoezi ya miguu na mizani, dawa zilizopitiwa na daktari, na kama mwenyewe ataridhia kuivaa, nguo ya ndani yenye pedi za kukinga nyonga, ambayo huko makaoni husaidia kiasi kupunguza kuvunjika. Kengele inayolia anapoinuka peke yake haizuii kitu kama hakuna wa kuiitikia, kwa hiyo msiiahidi kama suluhisho.

Waambieni pia ukweli kwamba anaweza kuanguka tena, kwamba mkanda utampokonya miguu aliyobaki nayo, na mtafanya nini dakika ile ile akianguka, pamoja na nani atawapigia simu na kwa muda gani. Mama mwenyewe awepo kwenye mazungumzo, na kama bado anaweza kuamua, lake ndilo litangulie. Yaandikwe mliyokubaliana, yawekwe kwenye faili lake, na yafunguliwe upya kila hali yake inapobadilika. Kwa wakazi wapya, mazungumzo haya yafanyike siku wanayoingia, kabla hajaanguka mtu.